Maji Kidogo

Mimi ndiye niliyekuwa nikimwekea kipazasauti.
Miaka kumi na tisa, kila Jumatatu, saa nne za asubuhi,
Bi Thuwaiba binti Saleh aliingia studio yetu ya Maskati
kucha zina udongo, karatasi zimekunjwa kifuani,
mwandiko umelala kama mchicha uliokosa maji.
Akiketi, akikohoa, akisema: "Gharib, mwanangu,
nipe maji kidogo."
Nusu glasi akinywa. Nusu akikimwagia
kile kimti cha kopo la rangi dirishani,
ndipo taa nyekundu iwake.

Alianza na kosa, wala hakulificha.
Tajiri mmoja wa Qurum alitaka nyasi
kutoka langoni hadi ukutani, kama zulia la msibani,
naye akamchorea, akalipwa, akapigwa picha.
Kiangazi kilipoingia, zulia likanywa magari mawili ya maji kwa siku,
na ng'ambo ya ukuta mjane akinunua yake kwa dumu.
"Nilirudi nyumbani," alituambia hewani,
"nikaichukua kalamu ya kuchorea, nikaanza kuandikia."

Makala ya kwanza: ombi la radhi,
ukurasa wa tisa, chini ya tangazo la viyoyozi.
Kisha akaandika habari za mghafu, mti usioomba kitu;
za ndimu chini ya mtende na mrihani chini ya ndimu,
kivuli juu ya kivuli, kama ndugu waliogawana shuka moja.
Akaandika habari za kilua,
mbegu za Pemba zilizokuja zimefungwa pembe ya kanga,
kilivyomfia mara tatu.
Mara ya nne hakuandika.
Wasomaji walileta barua za rambirambi.

Na simu! Mama wa Ibra: "Mkomamanga wangu unachanua, hauzai."
"Unaunywesha mno, bibi. Uache ukutamani."
Mzee wa Suri alipiga kila wiki. Hakuwa na bustani,
alikuwa na chungu kimoja, tena kina ufa.
Nadhani alitaka tu kumsikia mtu
anayelitamka neno "asmini" kama mama yake.

Halafu ile hotuba ya Nizwa.
Ukumbi umejaa, picha ukutani, maji ya falaji
yakipita katikati ya mchoro kwa wino wa buluu.
Msichana wa safu ya nyuma akanyoosha mkono:
"Bibi, mashimo yote haya aliyachimba nani?"
Ukimya ule ninao bado kwenye kanda,
sekunde kumi na moja, na feni.
"Shafiqul," akasema.
Akalitafuta jina la baba yake, asilipate.
"Mwaka wa kumi na nne huu, na sijapata kumwandika."

Jumatatu iliyofuata wakaja wawili.
Shafiqul kavaa shati lenye mikunjo ya dukani,
Kiswahili chake cha kuokotaokota mashimoni:
"Chumvi kwanza kuja ukingo ya jani.
Mimi onja udongo. Kama iko sawa na machozi,
mti hapana weka."
Bi Thuwaiba aliinama akiandika. Hakumkatiza.
Taarifa ya habari ilisubiri dakika sita
nami kitufe sikukigusa.
Walioniita ofisini baadaye, niliwaambia mashine iligoma.

Sasa amestaafu, yuko Sib, koo limekauka,
anaandika kwa risasi kwa sababu, anasema, wino una kiburi.
Kipindi amepewa kijana mmoja hodari
anayelalamika mbu dirishani.
Glasi naijaza mimi. Nusu nanywa, nusu namwaga.
Kile kimti kimekwisha kupasua kopo, kinatafuta dari,
majani madogo, yenye harufu kidogo ukiyafikicha.
Miaka kumi na tisa.
Ni mti gani? Sikumuuliza.